Kuripu CD zako na kuziwekea tagi ziingie kwenye kompyuta zikiwa na majina sahihi: mwongozo kamili

Wakuu, tatizo ni lilelile. Mtu anaingiza CD kwenye laptopu, anaona faili zimepangana vizuri Track01, Track02, anakopi zote kwenye fleshi, CD inarudi kwenye kasha, akifika kwenye gari hakuna kinachopiga. Wengine wanavuka hapo salama ila wanakwama mbele, nyimbo zipo lakini kila kitu kinaitwa Track 01 Unknown Artist na folda zimejaa, hakuna anayejua ipi ni ipi.

Dawa yake ni kuripu, yaani kusoma muziki wa CD na kuugeuza kuwa faili kamili kwenye kompyuta, halafu kuweka tagi, yaani majina yanayokaa ndani ya faili. Kwa hiyo hapa tunakwenda taratibu, hatua kwa hatua, na kila hatua nitasema kwa nini. Nimeandika nikiwafikiria zaidi wenye CD za muziki wa kwetu, dansi, taarab, zilipendwa, benga, kwaya, maana hizo ndizo zinazosumbua. CD ya msanii mkubwa wa Marekani programu itaijua yenyewe, CD ya taarab iliyotoka Unguja mara nyingi haijui mtu isipokuwa wewe uliyeishika.

Vitu vya kuandaa kwanza

Draivu ya CD. Laptopu nyingi za sasa hazina, kwa hiyo utatafuta DVD writer ya nje ya USB. Ukienda kununua, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, beba CD yako halisi yenye nyimbo nyingi, iwashwe palepale, usikilize wimbo wa mwisho hadi uishe. CD inasomwa kuanzia katikati kwenda nje, na draivu iliyochoka huwa inapiga nyimbo za mwanzo vizuri kabisa halafu inaanza kukwama kwenye za mwisho. Ukifika nyumbani ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, usipitishe kwenye hab ya USB, umeme wa hab huwa hautoshi.

Nafasi. Muziki wa CD unakula baiti 176,400 kila sekunde, yaani saa moja ni kama MB 635. Tukitumia FLAC, ambayo inabana bila kupoteza chochote, inashuka mpaka karibu nusu au theluthi mbili. Kwa CD 100 tenga GB 50 utakuwa salama.

Programu. Kwa Windows chukua Exact Audio Copy, wenyewe wanaiita EAC, ni ya bure. Mac tumia XLD, Linux tumia whipper. Ukiona EAC inakuchanganya kuna fre:ac, inakubali Windows, Mac na Linux. Kisha Mp3tag kwa ajili ya tagi. Hapa nitaeleza kwa EAC na Mp3tag, zingine ukielewa sababu utazimudu tu.

Kitambaa laini kisichoacha nyuzi, maji safi na tone la sabuni ya maji.

Na kava ya CD yenyewe pamoja na kijitabu chake. Hiki ndicho kifaa watu wanakisahau na ndicho cha muhimu kuliko vyote. Usianze kuripu CD ambayo kava lake liko kwa shangazi Tanga, subiri lije, au piga simu upigiwe picha ya nyuma ya kava.

Hatua ya 1: Tenganisha CD kwa aina

Fungua kila CD kwenye kompyuta uangalie faili zake. Zikiwa za .cda hiyo ni CD ya audio, ndiyo tunayoripu. Na usizikopi. Angalia ukubwa, kila moja ni KB 1 hata kama wimbo ni wa dakika 15, kwa sababu ndani ina baiti 44 tu za kuiambia kompyuta wimbo unaanzia wapi kwenye CD. Ukitoa CD, faili haina kitu.

Zikiwa .mp3, zile CD za nyimbo 150 za kuuzwa mtaani, hiyo hairipiwi, unakopi faili kawaida na kuruka mpaka hatua ya 5. Usizigeuze kuwa FLAC, utapata faili kubwa yenye sauti ileile, kilichokatwa kwenye MP3 hakirudi.

Kundi la tatu ni CD za kubani, zile zilizochomwa kwenye kompyuta, upande wa chini una rangi ya kijani au bluu au zambarau. Hizo anza nazo leo. Rangi ile ndiyo inayobeba muziki na inaharibika kwa mwanga, joto na unyevu, na sisi wa Mwambao unyevu tunaujua. CD ya kiwandani inaweza kusubiri, ya kubani ya miaka 15 iliyopita haisubiri.

Ukitaka kujua kama CD ya kubani ilitengenezwa kutoka kwenye MP3, ukishairipu ifungue na programu ya bure inaitwa Spek. Itakuchorea sauti kwa rangi. Ukiona rangi zinakatika kwa mstari ulionyooka kwenye kHz 16 hivi wimbo mzima, chanzo kilikuwa MP3 ya kubanwa sana. Bado itunze kama ndiyo nakala pekee uliyonayo, ila andika kwenye tagi ya maoni kwamba chanzo ni MP3 ili usije ukajidanganya baadaye.

Hatua ya 2: Isafishe

Futa kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe. Mkwaruzo unaokatiza njia unaathiri kipande kidogo kwenye kila mzunguko na draivu inaweza kurekebisha, mkwaruzo unaofuata njia unaua kipande kirefu mfululizo.

Onyo: watu wanahofia upande unaong'aa wakati upande wa hatari ni wa juu wenye maandishi. Muziki uko chini kidogo tu ya ile rangi ya juu. Mkwaruzo wa kina huko, au maandishi ya biki iliyokandamizwa, hayatibiki. Shikilia CD kwenye mwanga, ukiona vitundu vya mwanga vinapenya, nyimbo za sehemu hiyo zimekwenda. Na stika ya karatasi kama iko juu ya CD usiibandue, itatoka na tabaka la muziki.

Iache ikauke kabisa kabla ya kuingiza.

Hatua ya 3: Seti EAC mara moja tu

Ukiifungua mara ya kwanza EAC itakuongoza yenyewe kuipima draivu. Ingiza CD ya kiwandani isiyo na mikwaruzo, uiache ipime, usiharakishe. Ikikuuliza unataka kasi au usahihi chagua usahihi. Ikikuuliza aina ya faili chagua FLAC.

Kwa nini tusitumie tu programu yoyote iliyokuja na kompyuta? Kwa sababu CD ya audio haina ulinzi mkubwa wa makosa kama CD ya data. Draivu ikishindwa kusoma mahali inakisia, inajaza pengo kwa kuangalia sauti ya kabla na ya baada, na haikwambii. Programu ya kawaida inapokea makisio hayo na kukuandikia kazi imekamilika. EAC kwenye hali ya Secure inasoma kila kipande zaidi ya mara moja, majibu yasipofanana inarudia tena na tena. Ndiyo maana inachukua muda. Ni sawa, acha ichukue.

Kwenye EAC Options sehemu ya Filename weka hivi:

%albumartist%\%albumtitle%\%tracknr2% - %title%

Maana yake kila bendi folda yake, ndani yake kila albamu folda yake, na nyimbo zinaanza na namba mbili, 01, 02, mpaka 10. Ukiacha namba moja, redio ya gari itakupigia 1, 10, 11 halafu ndiyo 2.

Hatua ya 4: Andika majina, ndipo uripu

Ingiza CD. EAC itajaribu kutafuta majina kwenye intaneti. Hapa kuwa makini sana, maana hifadhidata hizo zinaitambua CD kwa urefu na mpangilio wa nyimbo zake, hazisikilizi muziki. CD ya kwetu ambayo haimo humo inaweza kufanana kwa bahati na ya mtu mwingine kabisa, ukajikuta CD yako ya kwaya imepewa majina ya bendi ya Ulaya. Kabla hujakubali linganisha na kava, idadi ya nyimbo, na angalau majina matatu. Yasipolingana kataa uandike mwenyewe palepale kwenye EAC, msanii, albamu, mwaka, nyimbo moja moja.

Najua uvivu unaingia hapa, unasema nitaripu zote kwanza majina nitaweka wikiendi. Usifanye hivyo. CD ikisharudi kabatini utabaki unasikiliza wimbo mmoja mmoja ukijaribu kukisia, na zile albamu tatu za bendi moja zitakuchanganya mpaka uache kazi yote. CD mkononi, kava mezani, andika, ndipo uripu.

Halafu chagua nyimbo zote, nenda menyu ya Action, Test & Copy, chagua Compressed. Itasoma kila wimbo mara mbili na kila mara kutoa namba inayoitwa CRC. Laptopu iwe na chaji ya kutosha, umeme ukikatika katikati na draivu ya nje ikazimika, rudia albamu nzima.

Mwisho itatoa ripoti. Kazi ikiwa nzuri utaona hivi: Test CRC na Copy CRC za kila wimbo zinafanana herufi kwa herufi, na chini kabisa "No errors occurred". Hifadhi ripoti hiyo kwenye folda ya albamu, ndiyo cheti chake.

Kuna sehemu ya AccurateRip inayolinganisha CD yako na za watu wengine duniani walioiripu. Kwa CD zetu nyingi itakwambia haimo kwenye hifadhidata. Hilo sio kosa, watu wanashtuka bure wanarudia. Kama CRC mbili zinafanana, umemaliza.

CRC zisipofanana wimbo mmoja au miwili: toa CD, isafishe tena, jaribu wimbo huo peke yake. Bado? Jaribu draivu nyingine, ya rafiki, ya ofisini, kompyuta ya mezani ya zamani. Draivu zinatofautiana sana na CD inayokataa kwenye moja mara nyingi inakubali kwenye nyingine. Usikimbilie dawa ya meno na mambo ya kupolishi, hiyo iwe ya mwisho kabisa na kwa CD ambayo tayari umeshairipu nyimbo zake zingine zote.

Hatua ya 5: Tagi, hapa ndipo maktaba inapojengwa

Jina la faili na tagi ni vitu viwili. Jina la faili unaliona kwenye folda, tagi iko ndani ya faili na ndiyo simu inayoisoma inapokupangia wasanii na albamu. Ndiyo maana mtu anabadilisha majina ya faili zote halafu simu inaendelea kuonyesha Unknown Artist.

Fungua folda kwenye Mp3tag. Upande wa kushoto kuna vibox vya Title, Artist, Album, Year. Chagua nyimbo zote za albamu kwa Ctrl+A, vile visivyofanana vitaonyesha neno keep, maana yake kila wimbo ubaki na chake. Hapo usiguse Title, ukiandika kitu humo nyimbo zote zitapata jina moja. Jaza Album, Year, Album Artist, kisha Ctrl+S. Kwa faili za MP3 ambazo majina yake ni mazuri ila tagi ni tupu, bonyeza Alt+2, itachukua majina ya faili na kuyaingiza kwenye tagi.

Sasa maamuzi, na haya hakuna programu itakayokufanyia.

Kwanza tahajia ya majina. Mbaraka Mwinshehe utamkuta Mwinshehe, Mwinyshehe, mara pamoja na Mwaruka mara bila. Chama cha Ikhwani Safaa cha Zanzibar, kilichoanza 1905, kava moja Ikhwani, lingine Ikhwan, lingine Akhwani. T.P. OK Jazz ya Franco iko na nukta, bila nukta, na TPOK imeshikana. Kwa simu yako kila tahajia ni msanii mpya. Fungua daftari au faili moja ya maandishi, andika tahajia uliyochagua kwa kila msanii, na kila CD mpya ukiingiza angalia humo kwanza. Ifuate hata kama kava limeandika vingine.

Pili, bendi zilizobadilisha majina. NUTA Jazz ya 1964 ndiyo iliyokuja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Ukiandika zote Msondo Ngoma utapoteza historia, ukiandika kila moja kivyake zinasambaa. Mimi nashikilia hivi: kwenye Artist weka jina la bendi wakati ule wimbo unarekodiwa, halafu bonyeza Alt+T, ongeza tagi ya GROUPING na uandike Msondo Ngoma kwenye zote. Ukitafuta Msondo kwenye programu inayosoma GROUPING zinakuja zote, na JUWATA inabaki JUWATA. Ila Simba Wanyika na Les Wanyika usiziunganishe, Les Wanyika walijitenga 1978 wakawa bendi yao.

Tatu, nani ni msanii. Kwenye dansi wimbo ni wa bendi, mtunzi na muimbaji wanaandikwa kwenye mabano chini. Artist iwe bendi, mtunzi nenda kamweke kwenye Composer. Taarab ni muhimu zaidi, mwenye mashairi na mwenye sauti mara nyingi ni watu wawili, na kikundi ni cha tatu. Kikundi kiwe Album Artist, muimbaji wa wimbo huo awe Artist, mtunzi wa shairi awe Composer. Kama kijitabu kimemtaja mpiga kanuni au fidla ongeza kwenye Comment. Hawa watu majina yao mara nyingi hayapo kwenye intaneti, yako kwenye hicho kijikaratasi ulichoshika, usipoyaandika wewe yanapotea kikipotea.

Nne, CD za mchanganyiko, zile za zilipendwa zenye bendi kumi. Album Artist iwe Wasanii Mbalimbali kwenye nyimbo zote, Artist iwe bendi ya kila wimbo, na ongeza tagi ya COMPILATION yenye 1. Ukiacha Album Artist tupu, albamu moja itavunjika vipande kumi, kila kimoja na wimbo mmoja. Hili ndilo kosa linaloongoza.

Tano, mwaka. CD imetoka 2005 lakini wimbo ulirekodiwa Radio Tanzania miaka ya 70. Kama kava limetaja mwaka wa kurekodi, huo ndio uweke kwenye Year, wa CD uandike kwenye Comment. Kama halijataja, acha mwaka wa CD. Usikisie.

Sita, kitu kidogo kinachosumbua wengi bila wao kujua: king'ong'o. Kuna alama iliyonyooka ya kibodi (') na kuna iliyopinda (’). Kwa macho ni ileile, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Ukichukua majina kutoka MusicBrainz, hifadhidata ya muziki ya intaneti, yanakuja na iliyopinda, wewe unaandika iliyonyooka, ukitafuta ng'ombe unapata nyimbo mbili wakati unazo tano. Tumia iliyonyooka kila mahali. Kama unatumia MusicBrainz Picard, programu yao ya kuweka tagi, kwenye setingi zake kuna sehemu ya kugeuza alama hizo kuwa za kawaida, itiki.

Aina ya muziki iwe michache: Dansi, Taarab, Benga, Bongo Fleva, Injili, Ngoma. Ukianza kuandika Dansi la zamani, Dansi zilipendwa, Rumba dansi, haitakusaidia kutafuta kitu.

Umefaulu hatua hii kama, ukipanga Mp3tag kwa kubonyeza kichwa cha safu ya Artist, ukashuka taratibu kwa macho, hukuti jina moja limeandikwa namna mbili.

Hatua ya 6: Picha ya kava

Skani kava na kurasa zote za kijitabu kwa dpi 300. Huna skana, piga kwa simu mchana karibu na dirisha, flashi imezimwa, simu iwe juu kabisa bila kuinama. Skani kubwa ziache kwenye folda ya albamu. Ya ndani ya faili ipunguze iwe mraba wa pikseli 800 mpaka 1000, JPEG ya kawaida, isizidi KB 500, ukiweka kubwa kuna redio za gari zitakataa kuionyesha. Kwenye Mp3tag chagua nyimbo zote, buruta picha mpaka kwenye kiboksi cha kava chini kushoto, Ctrl+S.

Hatua ya 7: Nakala

Folda yako ya FLAC ndiyo mama. Usiibadilishe, usiifute ili upate nafasi. Ikopi kwenye diski ya pili na diski hiyo ikae nyumba nyingine, kwa ndugu au ofisini, mwizi na moto havichagui. Kabla hujaiamini fleshi au diski mpya, hasa ile ya bei rahisi iliyoandikwa TB 1, ipime na programu ya H2testw ikiwa tupu. Inaijaza na kuisoma tena, kama ni feki itakwambia ukubwa wake wa kweli. Fleshi feki inapokea faili zako zote bila kulalamika, na unajua kwamba hazipo siku unapozihitaji.

Kwa ajili ya gari, simu na sabufa tengeneza MP3 kutoka kwenye FLAC ukitumia fre:ac, chagua LAME na ubora wa V0, tagi zitahama zenyewe. Fleshi ya gari iwe imefomatiwa FAT32. Redio nyingi za bei nafuu hazipangi kwa tagi wala kwa majina, zinapiga kwa mpangilio uliokopi faili, kwa hiyo kopi albamu moja moja, usitupie zote kwa pamoja.

CD zenyewe zirudishe kwenye makasha, zisimame wima, mbali na jua, usizigawe. Na nakala hizi ni zako za kusikiliza nyumbani, usiziuze wala kuzimwaga kwenye magrupu, wengi wa hao wazee na familia zao bado wapo na wanadai haki zao.

Kabla hujaingia CD ya pili, chukua hiyo ya kwanza uliyomaliza, iweke kwenye simu, tafuta kwa jina la mtunzi, kisha kwa jina la bendi, kisha fungua albamu uangalie nyimbo zimepangana kama nyuma ya kava. Ikikubali yote matatu endelea na nyingine kwa setingi zilezile. Ikikataa moja, rekebisha sasa hivi ikiwa bado ni CD moja.